Mpishi Asiyejua Chumvi Ilipo

Kaeni vizuri, wapendwa. Na ninyi akina baba mliojipanga pale nyuma karibu na mlango, leo msitoke kabla sijamaliza, maana habari hii ni yenu kuliko ya mtu mwingine.

Palikuwa na mpishi mmoja katika mji wa watalii, kule chini ya mlima. Jina lake tuliache. Mkewe alimwita Baba Aikande, kwa jina la binti yao, na sisi tumwite hivyo hivyo. Mtu huyu alikuwa amepika katika hoteli moja kubwa kwa miaka thelathini na mmoja, na alisifika. Wageni walikuwa wakishuka mlimani miguu imewavimba, pua zimebabuka kwa jua, na kabla hata hawajavua viatu wanakiulizia chakula chake kimoja: sandwichi ya jodari, yule samaki wa kopo, aliyechanganywa na mayonezi na vikorombwezo vyake, akabanwa katikati ya slesi mbili za mkate. Chakula chepesi tu, hakina moto mwingi wala moshi. Lakini watu walikuwa wakirudi mwaka wa pili kwa ajili yake.

Nyumbani je? Nyumbani, ndugu zangu, mtu huyu hakuwa amewahi kuchemsha hata chai. Msicheke, mnamjua, na wengine mmekaa naye benchi moja. Akirudi kazini anavua viatu, anakaa kwenye kiti chake, anakohoa kidogo, na mkewe anaelewa kwamba kile kikohozi maana yake ni chakula kiletwe. Kwao alikokulia, kupika hotelini ni kazi: unavaa kofia nyeupe, unaitwa shefu, unaheshimika. Kupika nyumbani kwako ni kukaliwa na mke. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na hakuwahi kukaa akajiuliza kama ni kweli.

Basi mkewe akaugua. Akapasuliwa tumbo, akalazwa wiki tatu, akarudishwa nyumbani amebaki macho na mifupa. Aikande akaja kutoka Mwanza kumuuguza, likizo yake ikaisha, akarudi kwenye kazi yake na watoto wake. Wakabaki wawili. Na mama yule hali chakula. Uji anausukuma. Mtori wa ndizi wa jirani anauonja kijiko kimoja, anageukia ukutani. Daktari akamwita Baba Aikande pembeni akamwambia bila kuzunguka, "Mzee, kidonda kinafunga, lakini mwili hauna nguvu ya kujiponya. Mama asipoanza kula wiki hii, tutampoteza."

Mmewahi kukaa na mgonjwa asiyekula, wapendwa? Unashika bakuli, unabembeleza, unadanganya kwamba ni kijiko cha mwisho, na bakuli linapoa mkononi mwako. Baba Aikande alikaa ukingoni mwa kitanda mchana ule akiwa na hofu ambayo hakuwahi kuijua. Alimpenda mke wake. Nataka hilo mlishike, maana habari hii si ya mtu mbaya. Akamwambia, "Mama Aikande, taja kitu chochote unachotamani. Chochote. Nitakitafuta."

Mkewe akasema, "Ule mkate wako wa samaki. Ule unaowapa Wazungu. Watu wote wameula, mimi sijawahi kuuonja."

"Hilo tu? Ngoja nipige simu hotelini, waulete sasa hivi kwa bodaboda."

"Hapana. Nataka wa mikono yako. Hapa nyumbani."

Mwanamume akasimama. Aliwaza jirani zake. Aliwaza kaka zake, na maneno ambayo baba yake angesema kama angekuwa hai. Lakini alimtazama mkewe, akaona mishipa ya shingo ilivyosimama, akaenda dukani. Akanunua makopo mawili ya jodari, chupa ya mayonezi, limau, bua la mboga iitwayo seleri, saladi, mkate wa slesi. Akarudi, akajifungia jikoni, akavuta pazia la dirisha linalotazamana na bomba la jirani, akavaa aproni yake ya kazini.

Akanyoosha mkono wa kulia kuchukua chumvi, kama anavyofanya kila siku hotelini. Mkono ukagusa ukuta. Akafungua kabati, akakuta vikombe. Akafungua la pili, akakuta mifuko iliyokunjwa. Mtu wa miaka thelathini na mmoja jikoni, amesimama katika jiko la nyumba yake mwenyewe kama mgeni aliyepotea njia ya chooni.

"Mama Aikande," akaita, "chumvi iko wapi?"

"Kwenye kopo la maziwa ya unga," sauti dhaifu ikajibu kutoka chumbani. "Rafu ya chini."

"Na chujio?"

"Nyuma ya mlango, kwenye msumari."

"Na kisu?"

Kisu kilikuwa mbele yake, juu ya kibao. Hakukitambua kuwa ni kisu cha kazi, kwa sababu mpini ulikuwa umefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli na makali yalikuwa yamekwisha. Hotelini, kila asubuhi, kitu cha kwanza alichofanya mtu huyu ni kunoa visu. Visu kumi na vinne, kimoja baada ya kingine. Akakishika kile cha nyumbani, akakipitisha kwenye kidole, hakikukwaruza hata ngozi. Akakaa nacho kidogo mkononi. Kisha akageuza sahani, akakinoa kwenye kitako chake, akaendelea na kazi.

Akamenya kitunguu. Akataka kukikata, mkono ukasita. Ndugu zangu, hotelini aliwahi kumpikia mama mmoja mgeni aliyekaa siku tisa. Siku ya kwanza yule mama alisema hapendi kitunguu kibichi. Siku nane zilizobaki hakuhitaji kusema tena, Baba Aikande alikumbuka. Lakini sasa amesimama na kitunguu cha mke wake, na hajui. Akaenda mpaka mlango wa chumba, kisu mkononi, akauliza kwa aibu, "Kitunguu kibichi unakula?"

Mkewe akamgeukia. "Hakijanikubali tangu mimba ya Aikande," akasema. Aikande ana miaka ishirini na tisa.

Akarudi jikoni, akakiweka kitunguu kando. Mara mlango wa nyuma ukagongwa, na kabla hajajibu, jirani yao Mama Kileo akaingia na hotipoti ya mtori. Akamkuta mzee mzima na aproni. Akacheka kwa huruma, kama wanavyocheka majirani wema. "Baba Aikande, jamani, si ungeniita tu? Hebu nipe hicho kisu, wewe nenda ukakae na mgonjwa."

Hapo ndipo angeweza kutoka. Mnaona? Mlango ulikuwa wazi, na mtu mwingine alikuwa amenyoosha mkono kuchukua mzigo. Lakini alikuwa ameshaahidi. "Asante, mama," akasema. "Hii nimeombwa mimi. Acha niimalize mwenyewe."

Mama Kileo akaweka hotipoti juu ya meza, akatoka taratibu.

Sasa mngeona mikono ile ilivyofanya kazi. Akamwaga samaki kwenye chujio, akamkamua kwa mgongo wa kijiko mpaka tone la mwisho, kwa sababu maji ndiyo yanayolowesha mkate. Akamchambua kwa uma bila kumponda, vipande vibaki vinaonekana. Akakata seleri ndogo ndogo ili ilie mdomoni. Matone machache ya limau, pilipili manga ya kunusa tu kwa sababu ya tumbo la mgonjwa, kisha mayonezi kidogo kidogo, anachanganya, anaonja, anaongeza. Akakausha slesi kwenye kikaango kisicho na mafuta. Akapaka mpaka pembeni kabisa, maana mpishi mvivu utamjua kwa pembe za mkate. Akalaza jani la saladi, akafunika, akakata kutoka kona hadi kona. Akapangusa ukingo wa sahani kwa kitambaa safi. Akatafuta leso nyeupe, akaikunja kama wanavyokunja hotelini, akaiweka kando ya sahani.

Akabeba mpaka chumbani, akainama kidogo kwa ule mwinamo wa kazi ambao mwili ulikuwa umeshauzoea, akasema kwa sauti laini, "Karibu, mama."

Mkewe akashika kipande kwa mikono miwili. Akang'ata. Akatafuna polepole. Akameza. Baba Aikande akaona koo lile likishuka na kupanda, moyo wake ukalegea kwa furaha. Akang'ata tena. Nusu nzima ikaisha. Wiki nne hakuna kitu kilichopita kwa amani katika kinywa kile, na sasa nusu nzima. Akamshukuru Mungu kimoyomoyo, machozi yakamlengalenga, akajiambia, basi, amepona, mke wangu amepona.

Mkewe akaweka sahani mapajani. Akafuta midomo kwa ile leso iliyokunjwa. Akasema, "Ni kitamu."

Akaikunja tena ile leso. Halafu akasema, "Kumbe ulikuwa unajua."

Yeye akadhani anasifiwa. Akatabasamu. "Si ndiyo kazi yangu, mama."

"Hapana. Nisikilize." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Miaka yote hii nilijiambia kwamba mume wangu ni mtu wa mikono mizito. Hajui kumhudumia mtu, hakuumbwa hivyo, nimvumilie. Nilipotoka kujifungua Aikande, hatuna mtu wa kutusaidia, niliinuka siku ya nne nikakupikia, nikasema, hajui. Ile malaria iliyonitupa chini na sufuria mkononi, ukaniambia pole ukiwa umekaa kwenye kiti, nikasema, hajui. Nikakusamehe, Baba Aikande, kwa sababu mtu asisamehewe vipi kwa asichokijua? Leo umenipangusia sahani. Umenikunjia kitambaa. Umeinama ukasema karibu. Kumbe ulikuwa unajua. Ulikuwa unajua siku zote, ila hukuwa unanipa mimi."

Baba Aikande akaketi ukingoni mwa kitanda. Angesema nini? Angesema hakujua? Sahani ilikuwa pale pale mapajani, inamshuhudia. Angesema alichoka? Alichokaje kwa miaka thelathini na mmoja, mikono ile ile ikipata nguvu kila kulipokucha? Chakula kile kilichomwokoa mkewe ndicho kilichomhukumu yeye.

Na mkewe akachukua ile nusu ya pili akaila yote, huku machozi yanamtoka, kwa sababu daktari alisema ale.

Najua mnataka kuniuliza, Mchungaji, yule mama alipona? Alipona. Yuko hai. Na ninawaambia, hilo ndilo gumu katika habari hii. Angekufa, tungekwenda msibani, tungempa mzee pole, tungesema alimuuguza mpaka mwisho, na watu wangemsifu. Lakini aliishi. Kila asubuhi mwanamume yule anaamka karibu na mtu anayejua kwamba alikuwa anajua. Siwaambii kama alisamehewa. Hayo ni ya kwao wawili na Mungu.

Mimi nauliza ya kwetu sisi. Sisi tunajua au hatujui? Mwalimu, wewe unayemrudia mtoto wa watu hesabu moja mara sita bila kupandisha sauti, wa kwako akikuuliza mara ya pili unamwambia nini? Dada yangu wa dukani, mteja akija na maneno makali unamwambia samahani, karibu tena. Hilo neno samahani mume wako amewahi kulisikia? Nesi, unamwinua mgonjwa usiyemjua kwa mkono mpole kabisa. Na mama mkwe wako pale nyumbani, anainuliwa na nani?

Wala msidhani nimejitoa. Mimi mchungaji wenu ninakaa ofisini na mtu mwenye shida saa mbili nzima, simu nimezima, namwangalia machoni. Mke wangu yuko pale kiti cha tatu. Wiki iliyopita aliniambia neno moja mezani, nikamjibu "ehe" bila kuinua kichwa, na mpaka leo sijui alisema nini. Nilipokuwa naandaa mahubiri haya, nilitaka kuuacha mfano huu, nikatafuta mwingine mwepesi. Sikupata amani.

Tumezoea kuomba, Bwana, tufundishe kupenda. Ni maombi mazuri, lakini naogopa kwamba wengi wetu tulishafundishwa zamani. Upole tunao. Subira tunayo. Maneno matamu tunayo, tunayatumia kila siku kazini na hata hapa kanisani tukisalimiana mlangoni. Tunawagawia wageni, na nyumbani tunapeleka kikohozi. Siku tutakaposimamishwa kuulizwa, tusitegemee kusema hatukujua, maana watakaoitwa kutoa ushahidi ni wale tuliowahudumia vizuri, na watasema ukweli mtupu: huyu mtu alikuwa mwema sana.

Tofauti yetu na Baba Aikande ni moja tu. Wa kwetu wengi hawajaugua bado. Wako nyumbani sasa hivi, wameshikilia kwamba sisi ndivyo tulivyoumbwa, na wanatuvumilia kwa hilo.

Leo hatutakaa kwa matangazo, wala sitasimama mlangoni kuwapa mikono mmoja mmoja. Inukeni tuombe kwa ufupi, kisha kila mtu aende kwake mapema.