Malkia wa Mzee Feruzi

Kila sikio lina malkia wake. Ndivyo alivyowaambia shangazi yenu jana, mlipotaka kutoana macho kwa ajili ya mwigizaji wa filamu ambaye hata hajui kama mpo duniani. Na leo mmekuja kuniuliza msemo huo umetoka wapi. Basi kaeni, na simu ziwekeni chini. Umetoka Tabora, na chanzo chake ni hiki.

Enzi zile magazeti yalikuwa yakitoa hadithi za mfululizo, na ilikuwapo moja iliyouteka mji mzima: hadithi ya Malkia wa Ng'ambo ya Mvua. Malkia huyo alipanda nyati mweupe, akayaita mawingu kwa majina yao, nayo yakamjia. Gazeti lilikuwa moja na wenye hamu walikuwa wengi, kwa hiyo mmoja alisoma kwa sauti na wengine wakasikiliza. Ndiyo kusema watu wengi wa Tabora hawakumsoma Malkia, walimsikia tu, na picha yake haikuchorwa hata siku moja.

Feruzi alikuwa kijana wa reli wakati huo. Alinunua gazeti lake kila lilipotoka, akalipeleka nyumbani kwa mkewe, Nyamizi. Mke alisuka ukili, mume akasoma. Feruzi hakuwahi kumwambia, lakini tangu mwanzo wa hadithi Malkia alikuwa na uso na umbo la Nyamizi: mfupi, mweusi wa kung'aa, mwenye mwanya, na kovu dogo kidevuni. Nyati mweupe alipandwa na Nyamizi, na mawingu yaliitwa na Nyamizi.

Kisha Nyamizi akafa, na mtoto hawakujaaliwa. Kwa ukoo wa Feruzi ilikuwa desturi kwamba picha ya marehemu haikai nyumbani, eti inamzuia kupumzika. Matanga yalipoanuliwa, picha zote zikatolewa ukutani zikachomwa, na aliyewasha kiberiti ni Feruzi mwenyewe. Aliona ndiyo adabu, na hakuna aliyemwambia asubiri.

Miaka ilipita, Feruzi akawa Mzee Feruzi, akastaafu, na akaanza kugundua jambo la kutisha. Uso wa mkewe ulikuwa unamponyoka. Asubuhi nyingine aliutafuta, akaambulia kanga na sauti, uso hakuna. Njia iliyobaki ilikuwa moja tu. Akijisimulia habari za Malkia, taratibu, tangu nyati anapotoka msituni, uso ulirudi wote, pamoja na mwanya wake. Siri hiyo hakumwambia mtu, na angemwambia nani? Ndani ya nyumba ile alikuwa yeye na paka, na paka mwenyewe alikuwa wa jirani.

Ndipo zikaja habari kwamba kampuni moja itaigeuza hadithi ile kuwa filamu, na Malkia ataigizwa na binti wa papo hapo Tabora, Vumilia, mrefu, mwembamba, maji ya kunde.

Kijiwe cha kahawa kikawaka moto. Mashoto, muuza nyama, alisema malkia gani huyo mwembamba kama ufito, Malkia alikuwa mama wa mwili, akikaa kiti kinajua. Kasanda, mwalimu mstaafu, alisema hapana, Malkia ni mweupe na ana vishimo mashavuni. Lakini hao walikuwa wakibishana tu. Mzee Feruzi alikuwa akipigana.

"Malkia ni mfupi!" alifoka. "Ana mwanya! Ana kovu hapa, kidevuni!"

"Kovu?" Kasanda alishangaa. "Mzee mwenzangu, kovu limeandikwa wapi?"

"Limeandikwa! Mimi nimelisoma kwa macho yangu!"

Msimcheke. Alikuwa na hakika kabisa, na angeapa msikitini. Alikwenda mpaka redio ya mji akataka binti yule aondolewe, wasikilizaji wakapiga simu kumuunga mkono, na kampuni ikaanza kusitasita. Watu walidhani mzee ana gere au uzee umemkaa vibaya. Hawakujua hofu yake. Alihofu kwamba akishamwona msichana yule juu ya nyati, uso mpya utakaa mahali pa ule wa zamani, na Nyamizi atakuwa amekufa mara ya pili, safari hii bila hata pa kumtafutia.

Alasiri moja akasikia hodi. Alipofungua akamkuta msichana mrefu, amejifunga kanga.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi ndiye Vumilia, babu. Yule usiyemtaka."

Mzee alijikuna kichwa. Kumfukuza mgeni mlangoni hakuweza, hakulelewa hivyo. Akamsogezea kigoda.

"Sikuja kugombana," msichana alisema. "Watu wote wanasema hakuna anayemjua Malkia kama wewe. Nimekuja unifundishe. Urefu wangu siwezi kuukata, lakini mengine nitajifunza. Anatembeaje?"

Ilikuwa miaka mingi tangu mtu amuulize Mzee Feruzi swali na kutulia asikie jibu. Akaanza kwa ukali, kisha ukali ukaisha bila yeye kujua.

"Hutembea mkono mmoja nyuma, kiunoni, hivi. Akicheka hufunika mdomo kwa pindo la kanga, ana haya na ule mwanya. Ukimwudhi hasemi kitu, anafagia uani. Anafagia hata pasipo na taka! Na uji wake hautii sukari, anatia ubuyu, nami nilimwambia mara ngapi..."

"Babu," Vumilia alimkatiza polepole. "Malkia anafagia uani?"

Mzee alitazama mikono yake.

"Huyu unayenieleza ni nani, babu?"

"Mke wangu," akasema. "Anaitwa Nyamizi." Na machozi yakamtoka, mzee mzima, mbele ya mtoto wa watu. Akamweleza yote, picha, kiberiti, na asubuhi zile anazoamka bila uso. "Nikikuona wewe kwenye ile filamu nitampoteza. Sina kwingine alikobaki."

"Mimi nilisomewa na baba, katika magazeti ya zamani aliyoyatunza," Vumilia alisema. "Malkia wangu ana uso wa mwalimu wangu wa darasa la kwanza, alikuwa anachechemea. Hata mimi sifanani na Malkia wangu, babu. Nimekariri maneno yake yote, nimejifunza kupanda nyati, na bado nikifumba macho anakuja mwalimu. Hakuna aliyeweza kumwondoa, hata mimi mwenyewe."

Mzee Feruzi hakurudi tena redioni. Filamu ilipotoka ikaonyeshwa ukumbi wa mji, mchana, watu wamefurika, naye akaenda. Vumilia alipotokea juu ya nyati, ukumbi ulipiga makofi. Mzee alimtazama mgeni yule mrefu na kwa kitambo akamkosa mkewe kabisa. Akafumba macho. Yakabaki maneno peke yake, yaleyale aliyoyasoma zamani, na Nyamizi akaja, kovu na yote, akiwa amekasirika kidogo kama kawaida yake.

"Mzee, umelala?" jirani yake alimgusa bega.

"Naangalia," alijibu.

Kesho yake kijiweni vita ilikuwa palepale. Mashoto alipiga meza. "Bado nasema, Malkia ni mnene! Mzee Feruzi, wewe toa hukumu."

Mzee aliwatazama, na kwa mara ya kwanza akajiuliza kila mmoja wao anamlilia nani.

"Mashoto," akauliza, "huyo mnene wako ni nani?"

Mashoto alifungua kinywa ajibu kwa kelele, kisha sauti ikamshuka. "Dada yangu Kulwa," akasema. "Alikwenda kuolewa Kongo. Hatujamsikia tena."

Hakuna aliyecheka. Kasanda aliinamisha kichwa, na vishimo vya mashavuni hakuvitaja tena siku ile. Mzee Feruzi akamaliza kahawa yake, akainuka arudi kwenye nyumba yake, ambamo hakuna aliyekuwa akimngoja. Lakini kabla ya kuondoka aliwaambia, nao wakawaambia wengine, mpaka ikatufikia sisi: kila sikio lina malkia wake.