Kodi ya Miayo

Jamani, nibishe hodi?
Bisha!
Wenye njaa mpo?
Tupo!
Na walioshiba?
Wamelala!
Basi tuseme polepole, tusije tukatozwa.

Hapo kale, wanyama wa bondeni walikuwa na mkubwa wao, Kiboko. Alitoza kodi ya kwato, akatoza kodi ya mkia, na asiye na mkia alilipa faini ya kuukosa. Karani wake alikuwa Sange, yule panya-pori mdogo mwenye pua ndefu kama mrija. Kazi zake zilikuwa mbili: kukusanya nafaka nyumba kwa nyumba, puu-puu-puu, na kila mwaka kuwasomea wanyama bajeti.

Bajeti ilikuwa ile ile. Kiti cha Kiboko: kitatengenezwa. Mto wa kiti cha Kiboko: utashonwa. Kisima cha wananchi: kiko mbioni. Mwaka wa saba sasa kisima kilikuwa mbioni, na hakuna aliyekiona kikipita. Sange alifuta tu mwaka juu ya karatasi, akaandika mwingine. Hilo alilijua yeye peke yake, na kila aliposoma, aliinama hadi pua ikagusa karatasi.

Siku moja alifika kwa Bi Kware, mjane, akakuta kibuyu kimoja tu: mbegu za mtama za kupanda. Akamweleza kwamba amri ni amri. Bi Kware hakubisha. Alimkaribisha vizuri, akamkabidhi kibuyu kwa mabawa mawili.

"Chukua, mwanangu. Mvua ikija nitapanda mawe. Kisima kikishachoka kukimbia, nitayamwagilia."

Sange akaondoka na kibuyu kichwani. Mbegu zililia chwa, chwa, chwa, na kila chwa aliisikia kama anatajwa jina. Alitamani angekuwa na pua fupi, apate pa kuificha.

Ghalani hakukimwaga. Alikwenda kwa Kiboko, akamwambia kuna kodi moja imesahaulika: kodi ya miayo. Wenye njaa hupiga miayo kutwa. Basi kila mwayo utozwe nafaka ya kujaza kinywa kilichoupiga.

Kiboko alicheka, gwa-gwa-gwa, tope likaruka. Akamwita hazina ya taifa.

"Watauliza, Mheshimiwa," Sange akasema. "Na wakubwa je?"

"Mimi niogope nini? Aliyeshiba hapigi miayo."

Akaapa hadharani, kwa meno ya marehemu baba yake, kwamba sheria haitamruka yeyote.

Siku ya bajeti ikafika. Sange alikwisha kuwapitia wanyama mmoja mmoja, akiwasihi wakaze meno hadi mwisho. Kiboko, kama desturi yake siku hiyo, alikula kwanza: nyasi mzigo mzima, matikiti, uji pipa. Akaketi juani. Sange akasoma polepole, kama anayevuka mto kwa mawe.

"Kiti... cha... Kiboko... kitatengenezwa."

Kiboko akapepesa macho.

"Mto... wa kiti..."

Aaaa-wuuuu! Kinywa kikafunguka kama mlango wa ghala.

"Mmoja, Mheshimiwa," Sange akasema. "Kiapo ni kiapo, na mtu hajilipi kodi mwenyewe: ya mkubwa wapewe wananchi."

Walinzi, ngiri wawili ambao walikuwa hawajalipwa tangu mwaka juzi, wakapima kinywa: magunia mawili. Wakayatoa ghalani kwa bidii ambayo haijapata kuonekana serikalini. Sange akaendelea kusoma. Kwenye mto, mwayo. Kwenye kitambaa cha mto, mwayo. Alipofika kisimani, miayo mitatu mfululizo, na umma mzima umekaza meno, machozi yanawatoka. Bajeti ilipokwisha, ghalani walibaki mende, nao walikuwa wanafunga virago.

Wanyama wakagawana nafaka, wakambeba Sange juu juu. Aliomba ashushwe. Akaenda na kibuyu kwa Bi Kware, akamrudishia mbegu zote, akamsimulia hila ile mwanzo hadi mwisho, na siri ya karatasi ya bajeti. Bi Kware akacheka hadi manyoya yakamdondoka. Kisha akauliza taratibu:

"Na karatasi ile, mwanangu, kwamba ni ile ile, ulijua tangu mwaka gani?"

Sange akatazama chini. "Wa pili, Bibi. Nilipoifuta mara ya kwanza."

Bi Kware aliinuka. Alichukua jembe, akampa. Sange akalima shamba lile lote, ngwe kwa ngwe, wala hakuinua uso.

Mzigo wangu nimeutua. Mwenye mabega aubebe. Na funzo lake, wanangu, ni hili: lipeni kodi kwa furaha, ipendeni bajeti, na karani mwenye haya afukuzwe kazi mapema, kabla hajaitia serikali hasara.