Kahawa ya Bwana Stavro

Musaka wa moto hauna tabaka.

Mmemsikia bibi yenu akimwambia hivyo shangazi yenu, aliyeshika simu ili amjibu wifi yake kwa hasira, nanyi mmekuja mbio kuniuliza. Kaeni basi. Methali hii haikutoka mbali. Ilizaliwa Muheza, jikoni kwa mama mkwe wangu, na ilianza hivi.

Katina, mama yake bibi yenu, alikuwa binti wa Bwana Stavro, Mgiriki aliyekuwa fundi wa mitambo katika shamba la mkonge. Wenye shamba walipoondoka, yeye alibaki, kwa kuwa alikwisha kumwoa Bi Chausiku, Mzigua, na hakuona sababu ya kumhamisha mtu kwao. Siku za kazi alikula ugali na mchicha kama watu wote. Jumapili aliingia jikoni mwenyewe, akawapikia wanawe vyakula vya kwao. Chakula alichokipenda kuliko vyote ni musaka: chini viazi, juu yake bilinganya za kukaanga, kisha nyama ya kusaga yenye mdalasini, na juu kabisa rojo zito la maziwa, unga na mayai. Sinia liliwekwa jikoni na kupaliwa makaa juu na chini mpaka uso ukawa wa kahawia.

Katina alijifunza kwa kutazama. Baba alipokufa, yeye ndiye aliyeshika sinia, akawa anapika kila Jumapili. Watoto wake hawakuwa na subira, kwa hiyo aliwapakulia kwa kijiko mara tu alipoepua, wakaula ukiwa umevurugika, na hakuna aliyelalamika. Katina alidhani sinia ndilo bovu.

Sasa, huyo Katina alikuwa na mdogo wake, Manoli, fundi gereji huko Moshi. Walikuwa hawajasemezana miaka minne. Siku ya maziko ya baba yao Manoli alifika kaburi limekwisha kufukiwa, na Katina, machozi yakimtoka, akamwambia mbele ya watu, "Umesubiri afe ndipo uje." Manoli akageuka, akarudi zake.

Katina alilijutia neno lile, ila kiburi nacho ni ugonjwa. Huenda wangezeeka hivyo hivyo, kama mwalimu mmoja wa Pongwe asingeleta posa kwa Tausi, binti wa Katina, bibi yenu huyu. Mwalimu huyo ndiye mimi. Kwa watu wa Bi Chausiku binti hajibiwi posa mpaka mjomba wake atie neno, na mjomba alikuwa mmoja tu. Bi Chausiku akamwita mwanawe. Katina akaazimia kumpikia musaka wa baba yao, pengine chakula kingesema lile ambalo yeye lilimshinda.

Manoli alifika Jumapili saa saba. Alimwamkia mama yake, akakaa kwenye ncha ya kiti, mkoba begani.

"Nimekuja kwa ajili ya Mama," alisema. "Basi langu ni saa tisa."

Katina alibabaika. Alipangua makaa, akaepua sinia likitokota, akachukua kisu akakata palepale. Kipande kilipotua kwenye sahani kilimwagika: viazi huku, bilinganya kule, rojo la juu likatiririka kama uji wa mgonjwa.

Manoli aliitazama sahani. "Baba hakupika hivi. Mmenipakulia mbio ili niondoke upesi?"

"Mwenye mbio ni nani?" Katina alifoka. "Wewe ndiye umekuja na basi lako mdomoni! Hata siku ile..."

"Katina," Bi Chausiku alimkatiza. Sauti yake haikupanda. "Baba yako akishaepua sinia, alifanyaje?"

"Alikunywa kahawa."

"Na musaka?"

"Aliufunika kitambaa. Hakuna aliyeruhusiwa kuugusa mpaka upoe..." Katina akaweka kisu chini. Miaka yote alidhani baba alipenda kahawa tu.

"Mimi nililia njaa pale mlangoni," Manoli alisema polepole. "Nikamwona mzee ana roho mbaya."

"Hakuwaeleza kwa sababu hamkumuuliza," alisema Bi Chausiku. "Funika sinia. Chemsha kahawa."

Wakanywa. Kikombe cha kwanza kiliisha. Katika cha pili, Katina alisema huku akitazama sakafu, "Siku ile ulichelewa wapi?"

"Basi liliharibika Hedaru. Nikatembea, nikapata lori la vitunguu. Nikafika nimejaa vumbi, ukanipokea kwa neno lile."

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza, dada."

Katina alilia, na hakujificha. "Nimekukosea, Manoli. Nisamehe."

Manoli alisogeza kikombe chake ajaziwe tena, na mkoba akauweka chini.

Kahawa ilipokwisha, Katina alifunua sinia akakata. Kipande kilisimama, tabaka nne zikionekana moja juu ya nyingine, kama alivyokata mzee. Manoli alikula, akaomba cha pili. Basi la saa tisa lilipiga honi barabarani, likapita. Ndipo akauliza, "Huyo mwalimu anayemtaka Tausi ni mtu wa namna gani?"

Siku ya kujibiwa posa wazee wangu na wa kwao walianza kupandishiana sauti, hata nikaona mke ananiponyoka hivihivi. Mjomba Manoli akainua mkono. "Jamani, musaka wa moto hauna tabaka. Tunywe kahawa kwanza." Wazee wangu hawakujua musaka ni mdudu gani. Wakacheka, wakanywa, na walipoanza tena walikuwa watu wengine. Tangu siku hiyo msemo ukaenea Muheza nzima, hata kwa watu ambao hawajaonja musaka.

Mjomba Manoli angepanda basi lile la saa tisa, ninyi msingekuwapo hapa kuniuliza maswali.

Haya, nendeni mkamwambie shangazi yenu aiweke simu mezani. Maji ya kahawa yako motoni. Wifi yake atajibiwa, lakini baadaye, kwa sababu musaka wa moto hauna tabaka.