Maji Yanaanzia Mkiani

Mtu mmoja alikuwa na shamba kubwa kuliko yote mlimani, nalo lilikuwa jirani kabisa na bwawa. Aliitwa Mzee Mrutu. Bwawa lilikuwa la kijiji kizima: maji ya chemchemi yalijikusanya humo usiku, na asubuhi mlinzi alichomoa kizibo cha mti, yakashuka mferejini. Sheria ya wahenga ilikuwa moja. Wakati wa kiangazi maji huanzia mkiani, kwenye shamba la mwisho, ndipo zamu ipande shamba kwa shamba. Hivyo walio juu hulazimika kuusafisha mfereji, maana zamu yao haiji mpaka maji yafike chini.

Pale mkiani alilima mjane, Nanzia. Maharage yake yakikosa maji wakati wa maua, wanawe hawana chakula mwaka mzima.

Mzee Mrutu hakuipenda sheria ile. "Maji yanapita mlangoni kwangu kama mgeni mwenye majivuno," alisema. "Hata hodi hayapigi." Mlinzi wa kwanza alimjibu kwa ukali, kizibo kikavunjwa, maji yakaishia kwenye magugu. Mlinzi wa pili alikuwa mpole. Alimpa kidogo, asubuhi moja tu. Jirani naye akataka kidogo, na jirani wa jirani, na mwaka ule Nanzia alivuna maganda matupu.

Ndipo wanakijiji wakamchagua Nakijwa, mwanamke wa rika la wajukuu wa Mzee Mrutu. Mzee alisimama mkutanoni akampinga waziwazi, akasema kizibo kinataka kifua, si vicheko. Watu wakangoja vita.

Nakijwa akaenda nyumbani kwa mzee na mkungu wa ndizi. "Hodi! Mume wangu yupo?" Ndivyo mjukuu anavyomtania babu. Mzee akanuna. Nakijwa akaenda tena. Alikula makande yake, akayasifu, kisha akauliza nani aliyeyaunguza. Alisikiliza habari za fahali wake aliyekufa, nazo ni habari ndefu. Mimi ninayesimulia ningekuwa nimeshakoroma. Mzee alipofiwa na dada yake, Nakijwa aliwatekea wageni maji, na kwenye matanga akavaa kofia ya mzee, akauiga mwendo wake, mpaka mfiwa mwenyewe akacheka huku machozi yanamtoka.

Mzee akajisemea: huyu sasa amelainika. Kiangazi kilipokaza, alifika bwawani asubuhi na mapema, jembe begani. Kule chini maharage ya Nanzia yalikuwa yameanza kutoa maua.

"Mke wangu, leo anza na mimi."

"Karibu chai, mume wangu. Maji yanaanzia mkiani."

"Mke gani huyu anayemnyima mumewe maji!"

"Ndio tuliobaki, mume wangu. Wenye huruma walishaolewa."

Mzee akanuna, akanywa chai, akacheka bila kupenda. Akarudi nyumbani bila hata tone. Mkutano uliofuata alisimama tena kuipinga sheria, na Nakijwa akampisha kiti cha mbele ili asikike vizuri.

Lakini wapwa wa mzee hawakuwa na muda wa kucheka. Asubuhi moja walipanda bwawani na mashoka, wakivunje kizibo. Wakamkuta mjomba wao amekaa ukingoni, kizibo kikiwa bado tunduni, kati ya magoti yake, kofia imemshukia machoni.

"Mjomba, si wewe uliyesema sheria hii ni mbaya?"

"Ni mbaya, na mkutanoni nitasema tena. Lakini yule mwanamke hakunidanganya hata siku aliyonichekesha. Rudini nyumbani."

Wakarudi. Nakijwa alipofika, akakichomoa kizibo. Maji yakapita mlangoni kwa mzee bila kupiga hodi, yakateremka hadi mkiani, na mwaka ule Nanzia aliazima magunia ya kutilia maharage.

Nakijwa aligawa kicheko chake, miguu yake na muda wake bila kupima, kwa kuwa vilikuwa vyake. Maji hakuyatoa nje ya zamu, kwa kuwa hayakuwa yake. Basi nanyi mlioshikishwa vizibo vya watu, mnapotaka mpinzani awapende, huwa mnachota wapi?