Kwa Nini Watu wa Kitangani Hukaribisha Kabla ya Hodi

Kuna zama ambapo magofu yale ya Kitangani yalikuwa ngome, na kuta zake ziling'aa kwa chokaa hata zikaumiza macho. Kila mwaka kabla ya masika mji mzima ulipanda kilimani kuzipaka upya, wala hakuna aliyelazimishwa. Kisima cha pekee kilikuwa ndani, na aliyebisha hodi langoni alijibiwa karibu. Akishajibiwa, hata jumbe, mtawala wa ngome, hakuweza kumzuia.

Bawabu wa lango hilo alikuwa Famau, mtu mtiifu kupita kiasi. Mwaka mvua zilipogoma, jumbe alihofu kisima kitakauka, akamwambia, "Usifukuze mtu. Wewe nyamaza tu." Famau akaiona amri hiyo nyepesi. Kunyamaza nako ni kazi?

Siku ya tatu akaja dada yake, Mwana Shali, ana mtungi mtupu na mtoto mgongoni. "Hodi," akaita. "Hodi, kaka." Famau alikuwa papo hapo nyuma ya mlango, mkono kinywani, akizuia kikohozi. Hodi ya tatu ilikuja kwa sauti ndogo. Kisha akasikia nyayo zikishuka kilima.

Habari ikazagaa kwamba hodi haijibiwi tena. Watu wakafunga virago, wakavuka mkono wa bahari, wakachimba visima vyao ng'ambo. Masika yaliporudi hayakukuta mtu wa kupaka chokaa. Maji yakapenya kutani, dari zikaporomoka, jumbe naye akahama. Famau akabaki peke yake na lango lake, akijuta mpaka akakonda. Mwishowe alivuka, akaulizia nyumba ya dada yake.

Alisimama kizingitini. Kabla hajafungua kinywa, Mwana Shali akasema kutoka ndani, "Karibu, kaka." Akampa maji, akamtazama akinywa. "Siku ile nilikusikia ukikohoa," akasema. Mtoto hakuonekana mle ndani, na Famau hakuthubutu kumuulizia.

Na tangu siku hiyo hakuna aliyerudi kuipaka ngome chokaa. Mizizi inaibomoa taratibu. Na watu wa Kitangani, huko ng'ambo waliko, hukukaribisha ungali njiani. Wageni hucheka, wakiwaona watu wa haraka. Wenyewe hawacheki. Wanaogopa kumsikia mtu akibisha hodi mara ya tatu.