Mlango wa Bi Kauri

Paukwa.
— Pakawa.
Pakawa maji.
— Yakapwa.
Pakawa mwamba.
— Ukabaki wazi.

Basi kaeni vizuri. Ngano hii wengine huisimulia, wakaiharibu. Mimi nimeipata kwa kauri mwenyewe. Anayebisha aende akamuulize.

Hapo kale Bi Kauri, konokono wa baharini, alikuwa na mlango kama konokono wenzake. Akiona adui huingia ndani, akafunga. Siku moja akataga mayai chini ya jiwe, akayalalia. Hakula. Hakutoka. Hakusinzia.

Maji yakapwa, akaja mwanamke, Mize, anatafuta pweza. Akalipindua lile jiwe. Wifi yake akamwita, "Mize, njoo huku, wamejaa." Mize akaenda, jiwe hakulirudisha. Nanyi mnajua mwiko wa mwambani: ukipindua jiwe, ulirudishe.

Jua likayaangukia mayai. Akapita Kaa Mhamaji, yule anayehamia magamba ya wafu.

"Shikamoo, shangazi. Jua kali leo."

"Marahaba, mwanangu. Nirudishie jiwe."

"Nipe nyumba yako."

"Nikifa, wanangu atawalalia nani?"

"Basi nipe yai, nionje tu."

"Mtoto haonjwi."

"Basi nipe mlango. Kaa wenzangu wakiniona na mlango wataniheshimu. Nikiwaita, watakuja kulibeba jiwe lako."

Msimcheke Bi Kauri. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Akaung'oa mlango, akampa. Kaa akauvaa mkononi, na mpaka leo akiingia ndani hufunga kwa mkono. Akaenda zake kivulini.

"Kaa wee, jiwe langu."

"Wenzangu wanavaa, shangazi."

"Kaa wee, jiwe langu."

"Wanakula, shangazi."

"Kaa wee, jiwe langu."

Kimya.

Hapo Bi Kauri akafahamu. Akautoa mwili wake nje, akautandaza kama kanga, akafunika mayai, akaifunika na nyumba yake. Jua likampiga yeye.

Maji yakajaa. Mayai yakapasuka, watoto wakatoka, wadogo kama vumbi. Kaa naye akarudi, peke yake.

"Hodi, shangazi. Mlango huna, naingia."

Akapenyeza mkono. Bi Kauri akajikunja ndani, akazikutanisha kingo za nyumba, akaung'ata.

"Niachie, shangazi. Naona kitoweo hicho kinaelea."

Akang'ata zaidi.

Watoto wakamzunguka. "Jiwe gani hili lililotulalia?"

Alitaka kusema, "Ni mama yenu." Lakini akifumbua kinywa, Kaa anachomoka, anawala. Akanyamaza.

"Jiwe gani hili?"

Akanyamaza.

Mkondo ukawachukua. Wa mwisho akageuka, akasema, "Jiwe, ahsante." Wakatawanyika bahari nzima.

Kaa akavuta, akavuta, akavuta, mkono ukachomoka, akaondoka anachechemea. Bi Kauri hakuziachia zile kingo, mpaka leo zimeumana kama meno. Hapakuwa tena na wa kumwambia.

Ngano yangu imepwa hapo. Mwenye mama, akamwamkie. Asiye naye, anyamaze pamoja nami.