Nani Aketi Mahali pa Mfaume

Sogeeni karibu, wakubwa kwa wadogo, na mwenye woga akae katikati yetu, kwa kuwa hadithi hii mimi mwenyewe huisimulia huku nikiangalia mlangoni.

Zamani za vita, askari wanne wa kijiji kimoja walitekwa pamoja. Nditi alikuwa na mikono ya upole, aliyorithi kwa baba yake mwosha maiti. Chitanda alikuwa na sauti ya kuigiza. Aliweza kukohoa kama mzee na kucheka kama bibi harusi. Ligola alikuwa na kumbukumbu. Neno likiingia sikioni mwake halikutoka. Wa nne, Mfaume, hakuwa na kipaji cha kutajwa, ila alikuwa mwana wa pekee wa Bi Somoe, na wenzake walimpenda.

Walifungwa katika bonde la mawe, wakipasua kokoto. Mkuu wa kambi alitoa amri iliyowakosesha usingizi: mfungwa akifa atatupwa korongoni aliwe na fisi, na atakayemwosha au kumlilia atatupwa naye, akiwa hai.

Alasiri moja homa ilimzidi Mfaume. Akamshika Ligola mkono.

"Mwambie mama nimekufa, asikae kizingitini kunisubiri. Umwambie sikulia."

Akakata roho, machozi yakimtiririka.

Nje, viatu vya mlinzi vilipita na kurudi, vikapita na kurudi. Hata hivyo Nditi alitwaa maji yake ya kunywa, akamwosha mwenzake kiungo kwa kiungo, polepole, tone lisisikike likianguka. Kisha akavua shuka lake, akamkafini. Baridi ya bonde lile iliua watu, naye alilijua hilo.

Kabla hajamaliza, kengele ya kuitwa majina ililia. Mlinzi alizoea kusimama nje ya mlango, na wafungwa kuitika kutoka ndani. Mfaume asipoitika, mlango ungefunguliwa.

"Itika wewe," Ligola akamnong'oneza Chitanda. "Sauti yake unaiweza."

"Unaniua, ndugu yangu. Mlinzi simwogopi hivyo. Anayeitikia jina la maiti huitwa tena, na mara hiyo mwitaji ni maiti mwenyewe."

"Mbona jana uliniigiza nikikoroma, watu wakacheka?"

"Wewe ulikuwa hai, bwana."

Jina la Mfaume likaitwa. Kimya. Likaitwa tena, na komeo likaguswa. Ndipo ikasikika sauti nyembamba ya mgonjwa, sauti ya Mfaume hasa: "Nipo." Nditi aliruka nyuma, akaiacha maiti, akidhani ndiyo iliyosema.

Alfajiri walimswalia kimoyomoyo, wakamtoa katika mkokoteni wa kokoto, wakamzika machimboni, uso wake wakauelekeza kibla.

Mkuu wa kambi alipomkosa mtu wake, alimkamata Ligola, aliyekuwa akilala ubavuni mwa Mfaume.

"Yuko wapi?"

"Sijui."

Akapigwa, akaulizwa, akapigwa. Ligola alitambua kwamba akitamka neno moja, kaburi litafukuliwa na wenzake watatupwa korongoni. Akatiwa shimoni peke yake, gizani, kwa muda mrefu hata hofu ikamsahaulisha majina ya wanawe. Lakini maneno ya Mfaume na mahali alipolala aliyarudia kila alipoamka, na hakuna lililopotea.

Vita vikaisha, wafungwa wakaachiwa. Kijijini walimkuta Bi Somoe kizingitini. Wazee walikuwa wamekataa kumsomea mwanawe khitma, wakihofia kumwombolezea mtu aliye hai. Ligola akafikisha maneno aliyopewa. Wenzake nao wakashuhudia yao. Bi Somoe akalia kilio alichokinyimwa miaka yote ile, kisha akanyanyuka, akatandika mkeka.

"Wanangu, leo tunamsomea khitma. Mmoja wenu aketi hapa, mahali pa Mfaume, apokee mikono ya pole. Tangu leo atakuwa mwanangu, atanizika, na jina la Mfaume litakuwa lake na la uzao wake."

"Tuketi sote, mama," Nditi akasema.

"Nilizaa mmoja, baba. Mahali pake ni pa mmoja."

Nditi akainama. "Basi mimi ndiye niliyemwosha na kumvika. Ndugu wa tumbo moja angefanya nini zaidi?"

"Na mimi ningefungua kinywa," Ligola akasema, "mngekuwa korongoni wote wawili, na mama angekuwa bado kizingitini."

Chitanda alisimama mbali na mkeka, jasho likimtoka. "Mimi sitafuti sifa. Lakini jina hilo nimekwisha kuliitikia. Mwingine akilichukua, siku litakapoitwa tena, atakayeondoka ni yupi? Nipeni liwe langu, nijue moja."

"Siku hizi woga nao unadai urithi?" Ligola akamcheka.

"Na wewe, ukienda kulala unazima taa?"

Waombolezaji walikuwa wamekwisha kuingia uani. Wa kwanza wao, mzee asiyeona vizuri, alifika mkekani, akanyoosha mkono wa pole, akangoja. Bi Somoe aliwatazama wale watatu, mmoja baada ya mwingine, na wote watatu wakatazama chini.

Enyi mnaonisikiliza, mkono ule umenyooshwa, na kuurudisha mtupu ni aibu kwa marehemu. Mmoja asingemwosha, Mfaume angezikwa bila kutwaharishwa. Mmoja asingeitika, asingezikwa. Mmoja asingenyamaza, asingebaki kaburini. Je, wewe ungemketisha nani?